UZI: Keki ya fondanti ya mashindano yenye mlango wa nakshi wa Zanzibar. Vipimo, unyevu na makosa

#1 Mpambaji_Temeke
Wakuu wa jukwaa la mapishi, salaam. Naweka mezani mpango wa keki ya mashindano, wenye ufundi mnikosoe kabla sijakata chochote.

Masharti: dami (keki bandia ya stairofomu) inaruhusiwa. Kila kinachoonekana kiwe cha kulika, isipokuwa waya za maua na utepe wa ukingo wa bodi. Bodi isizidi sm 45. Kuwasilisha saa 2 asubuhi, majaji wanapita saa 5. Ukumbi una AC lakini milango itakuwa wazi.

Mpango: ngazi tatu za duara, sm 25, 20 na 15, kila moja kimo sm 10. Mbele kuna mlango wa nakshi wa Unguja, kimo sm 18 upana sm 11, unaanzia ngazi ya chini na kupanda hadi ya kati. Ngazi ya kati inazungushiwa pindo la kanga. Juu kabisa asumini. Fondanti (kinyunga laini cha sukari cha kuvalisha keki) ya dukani kilo 4.

Maswali matatu: mlango ukaushwe vipi usijikunje, rangi ya mbao ipatikane vipi, na unyevu wa Dar tunaukwepaje?

#2 Bi_Mkunazini
Waalaykum salaam. Kabla ya rangi, hesabu zako za mlango hazikai.

Ngazi ya chini ina nusu kipenyo sm 12.5, ya kati sm 10. Maana yake ya kati imeingia ndani sm 2.5. Mlango wa sm 18 ukiusimamisha wima kwenye ngazi ya chini, sm 8 za juu zitaelea hewani, nyuma yake kuna shimo la sm 2.5. Jaji atakuja na kuchungulia kwa ubavuni, hilo usilitilie shaka.

Tatizo la pili: mlango ni bapa, dami ni duara. Kitu bapa cha upana wa sm 11 ukikiegemeza kwenye duara la kipenyo sm 25, kinagusa katikati tu. Kingo zake zinabaki mbali na dami kwa karibu sm 1.3 kila upande.

Dawa ni hii. Ngazi ya chini ifanye ndefu: gundisha dami mbili za sm 25 ziwe kimo sm 20. Kisha upande wa mbele kata kipande cha stairofomu chenye kina cha sm 1.3 kuanzia juu hadi chini. Utapata uso bapa wa sm 11, na mlango unakaa humo kama ulivyo ukutani. Kata kwa waya wa moto au kisu kirefu cha meno madogo, halafu pitisha msasa namba 120 na umalizie na 180. Futa unga wote wa stairofomu kwa brashi kavu, maana chembe moja ikibaki chini ya fondanti inaonekana kama kipele.

Na pindo la kanga liache, mwenzangu. Mlango wa nakshi umejaa kazi, kanga imejaa kazi, jicho litakosa pa kupumzika. Ngazi ya kati iwe nyeupe tupu kama chokaa ya ukuta wa Mji Mkongwe.

#3 kibakuli
Nimeweka kambi hapa.

#4 OveniYaNyali
Naunga mkono #2 kuhusu kukata uso bapa. Ila kumbukeni dami ya kimo cha sm 20 haivalishwi fondanti kwa kuifunika kama shuka. Duara lake lingekuwa 25 + 20 + 20 na sm 5 za ziada, yaani sm 70. Ukiliinua, uzito wake wenyewe unalipasua ukingoni kabla hujalishusha.

Hiyo ivalishe kwa kuizungushia:

Kwanza kisahani cha juu cha sm 25, unene mm 4, kama gramu 275. Kibandike na ukate ukingo usawa na dami.

Kisha ukanda wa kimo sm 20.5 na urefu sm 80 (mzingo wa dami ni sm 78.5, na ukishakata uso bapa unapungua kidogo). Unene mm 4. Huo ni karibu gramu 920, lakini sukuma kilo 1.2 upate pa kukata. Uviringishe kwenye bomba la plastiki lililopakwa konflawa kidogo, simamisha kwenye dami na uufungue polepole kama mkeka.

Maungio yaangukie katikati ya ule uso bapa. Mlango wa sm 18 utayafunika, zikibaki sm 2 za juu tu. Ndiyo faida ya pili ya kukata, na wengi hawaioni: keki nzima haina mshono nyuma, jaji akizunguka hakuti kitu.

Ile sm 0.5 inayozidi juu ikate baada ya dakika 20, fondanti ikishaanza kushika. Kisu kilale bapa juu ya kisahani, wembe uelekee nje.

Ngazi mbili za juu zivalishwe kwa kufunika kawaida: ya sm 20 duara la sm 45, kama gramu 900. Ya sm 15 duara la sm 40, kama gramu 700.

#5 Fundi_Ganashi
Hapo jumla: chini kilo 1.5 pamoja na akiba, kati 0.9, juu 0.7, bodi ya sm 40 kwa unene wa mm 3 inakula kama 0.55, mlango 0.3. Ni 3.95. Kilo 4 zako hazina nafasi ya kosa hata moja. Nunua 5, zote za toleo moja, maana nyeupe ya pakiti hii na nyeupe ya pakiti ile hazifanani zikikaa pamoja.

Halafu dami ina sheria zake. Ukingo wa stairofomu ni mkali na unakata fondanti kama uzi, kwa hiyo uzungushie msasa upate mviringo mdogo wa mm 2 hivi. Kwa kubandikia usimwage maji. Keki halisi inafyonza, stairofomu haifyonzi, basi maji yanakaa katikati, fondanti inateleza, na hewa inajikusanya. Paka mafuta ya kupikia magumu kama Kimbo, utando mwembamba sana, kwa ngazi zinazofunikwa. Ule ukanda wa kuzungushia upake gundi ya sukari, kwani mafuta peke yake hayaushiki wima.

Gundi ya sukari: robo kijiko cha chai cha CMC (unga wa kulika unaokaza na kugandisha fondanti) kwenye vijiko viwili vya chakula vya maji yaliyochemka yakapoa. Itakuwa na madonge mwanzoni, iache usiku kucha itayeyuka.

#6 Mpambaji_Temeke
Nimeelewa, kanga imetoka. Ngazi ya chini itakuwa 25 kwa 20. Sasa mlango wenyewe?

#7 Bi_Mkunazini
Mlango tuujenge kama seremala anavyoujenga: fremu ni fremu, mbao ni mbao. Usichonge kila kitu kwenye bamba moja.

Unga: fondanti gramu 250 kwa kijiko kimoja cha chai cha CMC. Pwani, siku za mvua, nenda hadi kimoja na nusu. Ukizidisha hapo unapasuka ukiukunja na unakauka mikononi. Ufunge kwenye nailoni, uache usiku mzima kabla ya kuusukuma. CMC inahitaji muda kunywa maji. Ukitumia papo hapo utadhani haitoshi, utaongeza, na kesho yake una jiwe.

Vipande, kwa mpangilio wa kubandika:

Bamba la nyuma, sm 11 kwa 18, unene mm 4. Hili ndilo mgongo.
Mbao mbili za mlango, mm 2 kila moja.
Mfaa, ule mti wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili, upana mm 12, unene mm 5. Ndio unaobeba nakshi nzuri kuliko zote, uutengee muda.
Miimo ya pembeni, upana mm 15.
Kizingiti cha juu, na cha chini kinachokanyaga bodi.

Kizingiti cha chini si pambo. Bamba peke yake lina kama gramu 110, ukiongeza vipande mlango mzima unafika karibu 200. Ukiuning'iniza kwa aisingi tu, joto la mchana litaushusha milimita moja moja. Kizingiti kikigusa bodi, uzito unakwenda chini na aisingi inabaki na kazi ya kuuzuia usianguke mbele.

Nakshi: chora kwenye karatasi ya kuokea kwa ukubwa halisi, ilaze juu ya unga, toboa mistari kwa pini nyembamba kila mm 2. Ondoa karatasi, unganisha vitobo kwa kisu chenye ncha. Mnyororo ukimbie kwenye miimo kwa nje, yungiyungi na waridi kwenye mfaa, samaki chini karibu na kizingiti ukipenda. Usichanganye kila alama uliyowahi kuiona. Milango ya zamani ina utaratibu, na jaji wa Unguja ataona mara moja kwamba umebandika ovyo.

#8 OveniYaNyali
Nyongeza kwa mnyororo: kuna bomba dogo la kusukumia fondanti lenye visahani vya matundu. Tundu la mm 2, toa nyuzi mbili, zisokote pamoja upate kamba. Unga uwe laini kuliko wa bamba, ukande na mafuta magumu kidogo, la sivyo utavunja bomba au kiganja. Uzi ukitoka na mikwaruzo kama ngozi ya kenge, unga ni mkavu.

Moldi za silikoni je? Zinaruhusiwa mashindano mengi, lakini nakshi ya moldi ya dukani jaji ameiona kwenye keki kumi nyingine. Zitumie kwa misumari tu.

#9 Fundi_Ganashi
Kukausha. Bamba linajikunja kwa sababu uso wa juu unapoteza maji kwanza, unasinyaa, unavuta kingo juu. Chini bado pabichi. Basi kazi yako ni kufanya pande zote mbili zikauke sawa:

Lilaze kwenye sponji bapa au wavu, usilaze kwenye kioo wala trei ya bati. Saa 6 za kwanza usiliguse. Baada ya hapo geuza kila baada ya saa 4 hadi 6 siku ya kwanza, ukiweka sponji nyingine juu na kugeuza zote kwa pamoja kama andazi kati ya sahani mbili. Mm 4 inataka siku 3 Dar, wakati wa masika hata 5. Mbao na mfaa ukaushe pembeni, usibandike kwenye bamba bichi. Na miimo usiikate kwa kipimo cha mwisho mpaka bamba limekauka, kwa sababu linapungua kidogo.

Likishajikunja? Kama ni mm 1 au 2, lambisha mgongo maji kidogo kwa brashi, lifunike nailoni nusu saa, kisha lilaze chini ya ubao mwepesi kwenye sponji. Likikataa, tengeneza jipya. Kulikandamiza kwa nguvu ni kulivunja.

#10 mama_vanila
Feni inasaidia?

#11 Fundi_Ganashi
Feni inapuliza hewa ile ile yenye maji. Usiku Dar inapuliza unyevu. AC kwenye kitufe cha kukausha ndiyo inayotoa maji hewani. Kama huna AC, sanduku la plastiki lenye mfuniko na vipakiti vingi vya silika (vya kunyonya unyevu) chini, wavu juu yake, kazi juu ya wavu. Mchele watu wanauweka lakini kazi yake ni ndogo mno.

Friji hapana. Ukitoa fondanti kwenye friji na kuiweka kwenye hewa ya Dar, inatoka jasho kama chupa ya soda: inang'aa, inanata, rangi nyeusi inatiririka kwenye nyeupe. Ikitokea, usiguse wala usifute. Iache kwenye chumba cha AC ikauke yenyewe. Kidole kimoja kikigusa, alama haitoki.

#12 Bi_Mkunazini
Rangi ya mbao. Usianze na fondanti nyeupe ukaimwagia rangi ya jeli hadi iwe kahawia. Jeli nyingi inalainisha unga na haukauki. Anza na kakao: vijiko viwili vya chakula kwa nusu kilo, pamoja na kijiko cha chai cha mafuta magumu kwa sababu kakao inakausha. Kisha jeli ya kahawia tone tone. Iache hadi kesho, rangi inakolea ikilala.

Kwa mistari ya mbao gawa unga mara tatu, kila fungu rangi tofauti kidogo, uvute kama tambi na kuukunja mara nne au tano, usichanganye hadi mwisho. Ukisukuma, sukuma upande mmoja tu. Meza usiipake konflawa, paka mafuta. Konflawa kwenye kahawia inaacha ukurutu mweupe ambao hauondoki kwa kufuta.

Nakshi ikishakauka, pakia kahawia iliyokoza karibu na nyeusi, jeli iliyolegezwa kwa spiriti ya kulika, ifikie ndani ya mifereji yote. Subiri sekunde 30, futa juu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Giza linabaki kwenye mifereji, mgongo wa nakshi unabaki mwanga. Hapo ndipo mlango unapozeeka miaka mia. Ukitumia maji badala ya spiriti, maji yanakula sukari na nakshi yako inapoteza makali.

#13 halali_kwanza
Na sisi ambao spiriti hatutumii?

#14 Bi_Mkunazini
Swali zuri, na mashindano mengine ya kwetu yanaliuliza. Kwa mifereji tumia unga wa rangi mkavu wa kulika. Chovya brashi, sukumiza ndani, kisha futa juu kwa pamba yenye mafuta magumu kidogo. Haukozi kama ule, lakini unakubalika. Dhahabu ya misumari vilevile: paka mafuta utando mwembamba, kisha dhahabu kavu kwa brashi laini. Esensi ya limau usidhani ni mbadala, nyingi zina kilevi ndani.

Jelatini pia isomwe kwenye pakiti. Fondanti ya mashimelo karibu zote ina jelatini, na kama haina alama ya halali, iache. Ukitengeneza mwenyewe: aisingi shuga kilo 1 iliyochekechwa mara mbili, jelatini kijiko kimoja cha chakula kwenye maji ml 60, glukosi ya maji ml 120, mafuta magumu vijiko viwili vya chakula, gliserini. Mapishi mengi yanataja kijiko cha chakula cha gliserini. Pwani weka cha chai tu, kwa sababu gliserini inavuta maji hewani na fondanti yako haitakauka hadi siku ya mashindano.

#15 OveniYaNyali
Kuhusu dhahabu, tafadhali someni kopo. Lililoandikwa "non-toxic" si chakula. Maneno hayo hayasemi kwamba linalika. Tafuta "edible" na orodha ya viambato. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2018, na mwaka 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha huko huko, CDC, kilichapisha taarifa ya watoto waliodhurika na keki zilizopambwa kwa unga wa kung'aa wenye madini kama shaba na risasi. Kwenye mashindano yanayosema "kila kinachoonekana kiwe cha kulika", jaji ana haki ya kukuomba kopo. Lichukue ukumbini.

#16 Mpambaji_Temeke
Misumari ya shaba ya mlangoni ni mingi. Naipangaje iwe sawa?

#17 OveniYaNyali
Sukuma unga mm 3, kata vidonge vyote kwa mdomo mmoja wa bomba la aisingi, tundu la mm 5. Hapo kila kidonge kina uzito sawa. Viringisha, kandamiza kwenye moldi ya nusu duara. Msumari wa pwani una ncha, kwa hiyo ukitoka kwenye moldi ubane juu kwa vidole viwili. Kausha siku moja, paka dhahabu KABLA ya kubandika, maana dhahabu ikidondoka kwenye mbao haitoki. Nafasi kati ya msumari na msumari weka alama kwa bikari, usikadirie kwa macho. Safu nne ukizikadiria kwa macho, ya nne itakuwa imepinda.

#18 ua_la_asumini
Mimi niingie kwenye maua tu. Asumini hukatwa kwa mkasi, si kwa kikatio cha umbo. Koni ndogo ya unga wa sukari wa kutengenezea maua, urefu sm 1, pasua mdomo mara sita hadi nane, fungua, bana kila petali kati ya vidole na uilainishe kwa kijiti cha meno. Ingiza waya namba 28 wenye kichwa kilichokunjwa na gundi kidogo. Petali ziwe nyembamba hadi uone mwanga. Nene zinafanana na popkoni. Tengeneza 80 utumie 60.

Waya usichomwe moja kwa moja kwenye kitu cha kulika, hata kama ndani ni dami. Majaji wanaangalia nidhamu hiyo. Chomeka kwenye kidude cha plastiki cha kushikia maua au mrija uliojazwa fondanti. Zipange kama kikuba, zikibanana, na rehani mbili tatu za kijani. Zikitawanyika zinaonekana zimedondoka.

#19 Fundi_Ganashi
Kinachopoteza alama bila mtu kujua: sehemu ngazi moja inapokutana na nyingine. Usizungushe shanga kubwa kuficha uwazi, jaji anajua kwa nini shanga ipo. Bandika dami kwa aisingi ya roial (ute wa yai moja, kama gramu 33, kwa aisingi shuga gramu 170 hadi 200), kisha ziba ufa kwa fondanti ile ile iliyolegezwa kwa maji iwe kama dawa ya meno, pitisha kidole kilicholowa, futa. Nyeupe kwa nyeupe, hautauona.

Mapovu ya hewa: pini nyembamba, ichome kwa kulalia, sukuma hewa kuelekea tundu, pitisha smuza (kibao cha kulainishia fondanti). Pini ziwe za kichwa cha rangi na uzihesabu, tano ulizotoa, tano zirudi. Pini ikikutwa ndani ya kazi, mashindano mengi hukutoa bila mjadala.

#20 mama_vanila
Kwa hiyo keki halisi haina nafasi kabisa? Naona wote mnasema dami.

#21 Fundi_Ganashi
Inategemea sharti. Wakisema itaonjwa, basi ni halisi, na hesabu inabadilika: ganashi ya chokoleti nyeusi 2 kwa 1 ya krimu, nyeupe 3 kwa 1, na kwa joto letu hata 4 kwa 1. Keki ikishajazwa iwekewe uzito mwepesi usiku mmoja ishuke, vinginevyo itashukia ndani ya fondanti na kuota kitambi katikati. Na mlango wa gramu 200 juu ya keki laini ni ugomvi. Mkuu wa uzi karuhusiwa dami, atumie dami.

#22 Mpambaji_Temeke
La mwisho: usafiri. Temeke hadi ukumbini ni saa nzima na foleni.

#23 OveniYaNyali
Dami ni nyepesi, ndiyo hatari yake, breki moja inateleza. Bodi ikae kwenye raba isiyoteleza, sakafuni mwa gari, si kwenye siti maana siti imeinama. AC iwashwe dakika 15 kabla ya kuipakia, na ukifika usiitoe ghafla kwenye baridi ukaipeleka kwenye joto. Zima AC kilomita za mwisho, fungua dirisha kidogo, ikae sawa na hewa ya nje.

Mlango na maua visafiri peke yake. Mlango ulale kwenye sponji ndani ya boksi. Una saa tatu kati ya kuwasilisha na majaji kupita, zinatosha. Paka roial ngumu mgongoni, sukumiza kwenye uso bapa, uegemeze kwa kopo lililofunikwa karatasi ya kuokea kwa dakika 40.

#24 Bi_Mkunazini
Boksi la matengenezo: kila rangi ya fondanti gramu 50 kwenye nailoni yake, roial kwenye bomba, brashi mbili, pini, smuza ndogo, kibano, pamba za masikio, kitambaa kisichotoa nyuzi. Na utepe wa ukingo wa bodi wa mm 15, kipande cha pili, maana ule wa kwanza utashikwa na mikono yenye mafuta.

Tengeneza na mfaa wa pili. Ni unga kidogo na saa mbili za kuchonga, na ndio unaovunjika kwanza kwa kuwa ni mwembamba na mrefu. Ukivunjika ukumbini usiugundishe, ung'oe wote roial ikiwa bado mbichi, weka ule wa akiba.

#25 Mpambaji_Temeke
Naanza kukata dami leo usiku. Picha za uso bapa nitaziweka kabla ya kuvalisha, mzipime.

#26 Bi_Mkunazini
Weka na rula ndani ya picha.